Usiseme Hujawahi Kufanya Kazi

Mwongozo kwa mwanafunzi wa chuo kikuu anayeishi Kibera au Kawangware

Nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni, niliitwa kwenye mahojiano ya atachimenti katika ofisi moja ya uhasibu mjini. Nilivaa shati la kaka yangu, nikashuka kwenye matatu ya 46 saa moja asubuhi ilhali mahojiano yalikuwa saa nne. Swali la kwanza lilikuwa jepesi: "Umewahi kufanya kazi wapi?" Nikajibu, "Sijawahi." Mzee aliyekuwa akiniuliza akafunga faili, akaniambia nitapigiwa simu. Hadi leo sijapigiwa.

Njiani nikirudi Kawangware ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimemdanganya yule mzee. Tangu darasa la saba nilikuwa nikimwekea mama hesabu za kibanda chake cha mboga karibu na Stage Mbili. Nilijua sukuma wiki ya shilingi ngapi imeingia alfajiri, ya ngapi imeuzwa, ya ngapi imenyauka, na ni nani katika ploti yetu amekula bila kulipa. Miaka minane na ushei ya hesabu, na sikuiita kazi kwa sababu sikulipwa, na mama hakuwa na ofisi.

Ukiishi Kibera au Kawangware, huenda umefanya kazi nyingi kuliko mwenzako aliyelelewa Lavington, mtaa unaofikika kwa miguu kutoka kwenu. Yeye ana barua ya wiki mbili alizokaa ofisini kwa mjomba wake. Wewe huna hata mstari mmoja wa miaka yote uliyouza maji, uliyofundisha watoto au uliyoshika pesa za kwaya. Mwongozo huu unahusu namna ya kupata mstari huo, na mingine, kabla hujavaa joho.

Mwaka wa kwanza: nunua daftari

Nunua daftari la kawaida, lile la kurasa 96 linalouzwa kila duka la mtaa. Chora safu nne: tarehe, nilichofanya, kiasi, shahidi. Kila Jumapili jioni jaza ya wiki nzima. Simu hupotea na simu huibwa. Daftari halina anayelitaka.

Siri iko kwenye safu ya tatu. Usiandike "nafundisha tuisheni." Andika: "Januari hadi Aprili, watoto sita wa Gredi ya 4 hadi ya 6, hesabu na Kiswahili, Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku." Usiandike "nasaidia kioski cha maji." Andika mitungi mingapi mliuza kwa siku, bei ilipanda kiasi gani bomba lilipokatwa, na mlifanya nini wateja walipoanza kugombana kwenye foleni. Kama wewe ni mweka hazina wa chama au wa timu ya mpira, andika ni pesa ngapi zimepita mikononi mwako tangu uchaguliwe na ngapi zimepotea. Ikiwa hakuna iliyopotea, andika hivyo hivyo: sufuri. Ukienda mjengo wakati wa likizo, andika jengo lilikuwa la orofa ngapi, ulibeba nini, na ni siku gani foremani alikutoa kwenye toroli akakupa kazi ya kuhesabu saruji inayoingia.

Safu ya nne ndiyo watu huisahau. Shahidi ni mtu mzima aliyekuona ukifanya kazi na anayeweza kupigiwa simu. Mwambie mapema, kwa adabu: "Mama Brayo, ningependa siku moja nikitafuta kazi waajiri wakupigie, uwaeleze nilivyowafundisha watoto." Chukua nambari yake leo. Pasta huhamishwa, foremani huenda saiti nyingine, na jirani huweza kuhama usiku mmoja kwa sababu ya kodi. Ukingoja mwaka wa nne, utakuwa ukiwatafuta watu ambao hata mtaa haujui walikoenda.

Kabla mwaka wa kwanza haujaisha: uliza digrii inaishia wapi

Kuna kazi ambazo digrii peke yake haikufikishi. Ukijua hilo ukiwa na miaka mitatu mkononi, una nafasi ya kujipanga. Ukilijua baada ya mahafali, utakuwa ukihitaji pesa ambazo hakuna aliyeziweka.

Ukisomea sheria, baada ya digrii kuna mafunzo ya uwakili ya Kenya School of Law, mitihani yake, na miezi ya kufanya kazi chini ya wakili mzoefu kabla hujaapishwa. Ukisomea uhandisi, nenda mwenyewe kwenye Bodi ya Wahandisi ya Kenya uulize kama kozi yako, katika chuo chako, inatambuliwa. Usitegemee jibu la rafiki aliye kozi nyingine. Ukisomea ualimu, hakikisha masomo mawili uliyoyachagua yanakubaliwa pamoja na Tume ya Kuwaajiri Walimu. Uuguzi una mtihani wa baraza lake wa kukupa leseni.

Uhasibu una CPA, mitihani ya KASNEB, chombo kilichoanza kazi mwaka 1969. Wanafunzi wengi huifanya sambamba na digrii. Hapa kuna mtego: mwenye digrii inayohusiana husamehewa baadhi ya karatasi. Kwa hiyo, kabla hujalipia hata karatasi moja, waulize KASNEB ni zipi utakazosamehewa ukimaliza chuo, usije ukalipia na kukesha kwa ajili ya mtihani ambao ungeuruka.

Na kama kozi yako haina bodi yoyote, tuseme sosholojia, historia au sayansi ya siasa, usivunjike moyo. Maana yake ni kwamba utaajiriwa kwa ujuzi ulioubeba pembeni: kuchambua takwimu, kuandika ripoti inayosomeka, kuhoji watu, kutafsiri. Chagua mmoja mapema, uukamie.

Unapotafuta wa kumuuliza, mtafute aliyemaliza kozi yako miaka miwili au mitatu iliyopita. Aliyemaliza miaka ishirini iliyopita atakupa baraka, lakini soko analolieleza lilishafungwa. Muulize swali moja tu: Jumatatu asubuhi ukifika kazini, unafanya nini hasa?

Mwaka wa pili: tengeneza kitu kinachoonekana

Hadi mwaka 2009, ukiitafuta Kibera kwenye ramani za mtandaoni ungekuta doa tupu, kana kwamba hapakuwa na mtu hata mmoja kati ya reli na Bwawa la Nairobi. Mwishoni mwa mwaka huo vijana wa mtaa wenyewe walishika vifaa vya GPS, wakapita vijiji kwa miguu, wakitia alama penye choo, kliniki, shule, bomba la maji, kanisa na msikiti. Wakaingiza yote kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote duniani huifungua bila kulipa. Mradi huo, Map Kibera, baadaye ukazaa habari za video zilizopigwa na vijana wa hapo hapo.

Fikiria kijana aliyepita vichochoro vya Silanga au Gatwekera kwa ajili ya kazi ile. Akiulizwa kama anajua kukusanya data, hana haja ya kujisifu. Anafungua ramani na kuonyesha kwa kidole. Hicho ndicho unachokitafuta mwaka wa pili: kitu kimoja kidogo, chenye jina lako, ambacho mgeni anaweza kukiona na kukielewa kwa dakika tatu.

Kitoke kwenye kozi yako na mtaa wako. Wa takwimu au uchumi, andika bei ya mtungi wa maji katika vioski kumi kila Jumamosi kwa wiki nane, kisha uchore grafu moja na kurasa mbili za maelezo. Wa uhandisi, pima mtaro unaofurika kila mvua ya Aprili, uuchore, ueleze maji yanakwama wapi. Wa habari, rekodi taarifa fupi tano. Kibera ina redio yake, Pamoja FM, ambayo unaweza kuibishia hodi. Wa sheria, andika kwa Kiswahili chepesi haki za mpangaji: Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, inawahusu wapangaji wa nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na wengi katika mtaa wako hawajui kwamba kuna mahakama maalumu ya kodi. Bandika nakala kwenye ukuta wa ploti, na uweke tarehe kwenye daftari.

Usingoje digrii ikupe ruhusa. Kennedy Odede alianzisha shirika la SHOFCO pale Kibera mwaka 2004, mwanzo wake ukiwa mpira wa miguu na vijana wachache. Chuo Kikuu cha Wesleyan, Marekani, alikimaliza mwaka 2012. Kazi ilitangulia cheti kwa miaka minane.

Ukihitaji ujuzi wa kompyuta, usikimbilie kozi za bei ghali. Kibera kuna Tunapanda, taasisi inayowafunza vijana teknolojia, usanifu na biashara. Programu ya serikali ya Ajira Digital, iliyoanza mwaka 2016, hutoa mafunzo ya bure ya kazi za mtandaoni na ina vilabu ndani ya vyuo vingi. Uliza kama chuo chako kina kimoja. Pa kusomea kwa utulivu pia pako: maktaba ya taifa ina tawi Kibera, na mjini kuna McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, ambako meza ni kubwa na hakuna anayekuuliza umetoka mtaa gani.

Sasa tuseme ukweli kuhusu kazi moja ya mtandaoni ambayo kila hosteli ya Nairobi inaijua: kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za darasani. Imewalipia watu karo na kodi, sitajifanya sijui. Lakini huwezi kuiandika kwenye wasifukazi, kwa sababu ni udanganyifu. Aliyekulipa hawezi kuwa shahidi wako. Na tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, mteja anajiuliza kwa nini alipe. Vivyo hivyo kwa akaunti ya kukodi kwenye majukwaa ya kazi za mtandaoni: unakesha, nyota za sifa zinaenda kwa mwenye akaunti, na siku akibadilisha nywila unabaki na macho mekundu. Bora kazi ndogo ya unukuzi au tafsiri inayolipa kidogo lakini imesimama kwa jina lako.

Mwaka wa tatu: atachimenti

Katika vyuo vingi atachimenti huangukia Mei hadi Agosti, kwa wiki nane hadi kumi na mbili. Barua zipeleke Januari. Ukianza Aprili utakuta nafasi zimejaa, tena zimejazwa na watu ambao hawana lolote la kukuzidi ila kalenda.

Andaa kifurushi kimoja: barua ya chuo ya kukutambulisha, barua yako ya maombi, wasifukazi, nakala ya kitambulisho, matokeo ya mitihani, na bima ya mwanafunzi, kwani ofisi nyingi hazikupokei bila hiyo. Uliza idarani kama unahitaji pia daftari la mafunzo la NITA.

Kisha piga hesabu, kwa sababu nyingi ya nafasi hizi hazilipi. Tuseme nauli kwenda na kurudi ni shilingi 100 na chakula shilingi 100. Kwa siku 60 za kazi hizo ni shilingi 12,000. Atachimenti huja Mei, wakati pesa za mkopo wa Helb za muhula zimeshakwisha. Kwa hiyo zikiingia mwanzoni mwa mwaka, toa sehemu uifiche mbali na mkono wako mwenyewe, kwenye chama au kwa shangazi asiyesumbuliwa na huruma.

Njia nyingine ya kupunguza hesabu hiyo ni miguu. Chora duara la mwendo wa saa moja kutoka kwenu. Kutoka Kibera duara hilo lina Barabara ya Ngong, Kilimani, Upper Hill, Hospitali ya Kenyatta na ile ya Mbagathi. Kutoka Kawangware lina Lavington na sehemu kubwa ya Kileleshwa. Majirani zako hutembea njia hizo kila alfajiri wakienda mjengo na kufua nguo. Andika ofisi thelathini zilizo ndani ya duara kabla hujaiwaza hata moja ya Industrial Area. Ndani ya mtaa penyewe kuna kliniki, mashirika, shule za jamii, ofisi ya eneo bunge na Huduma Centre ya Kibra.

Na hapa una kitu ambacho wa Lavington hana. Askari wa lango la jengo hilo la Upper Hill anaishi wapi? Mama anayesafisha orofa ya tano? Dereva wa mkurugenzi? Ni jirani zako. Wao wanajua ni ofisi gani huchukua wanafunzi kila mwaka, ni karani gani hupokea barua na ni nani huzitupa. Wasalimie wazee hawa, keti nao Jumapili, waulize. Usiwaombe wakutafutie kazi. Hilo litawatia aibu, kwani hawana uwezo huo. Waombe habari tu: "Mzee, barua za atachimenti hapo kwenu hupelekwa kwa nani?" Watu husema Nairobi bila kujulikana hupati kitu. Wewe unajulikana, ila ulikuwa unatazama juu wakati wanaokujua wameketi pale langoni.

Ukishapata nafasi, wiki ya kwanza utatoa fotokopi na kupeleka faili. Fanya bila kununa. Wiki ya pili mwendee msimamizi wako na jambo mahususi: "Naona stakabadhi za Machi hazijapangwa. Naweza kuzipanga kwa tarehe na kukuletea Ijumaa?" Mtu aliyezidiwa na kazi hana muda wa kukutafutia ya kufanya, lakini hatakataa uliyojitafutia. Jaza daftari la mafunzo kila siku kabla hujatoka, kwa namba kama ulivyozoea: stakabadhi 340, wateja 12, ripoti 2. Karatasi za ofisi usizibebe nyumbani wala kuzipiga picha. Ni siri za watu.

Wiki mbili kabla ya kumaliza, omba barua ya ushahidi. Barua nyingi husema tu kwamba fulani alikuwa hapa na ana tabia njema. Mpe msimamizi orodha fupi ya ulichofanya, umwombe akiona vyema aitaje ndani ya barua. Atakushukuru, kwa kuwa umemrahisishia kuandika.

Wasifukazi, anwani na koti la Toi

Wasifukazi usizidi kurasa mbili. Sasa utaona faida ya daftari, maana kazi ni kunakili tu. Mweka hazina wa kwaya, kiasi kilichopita, miaka miwili. Mwalimu wa jioni, watoto sita. Mradi wa bei ya maji, vioski kumi, wiki nane. Warejelewa watatu: mhadhiri mmoja, msimamizi wa atachimenti, na shahidi mmoja wa mtaani aliyekuona kwa miaka mingi.

Kwenye anwani, "Nairobi" na nambari ya simu zinatosha. Lakini ukiulizwa unaishi wapi, taja. Wengi wetu tumewahi kusema "karibu na Adams" au "upande wa Lavington" na kisha kutokwa na jasho pale muulizaji alipotaka kujua ni ploti gani. Mwajiri anayeuliza mara nyingi anawaza jambo moja, kama utafika kwa wakati. Mjibu hilo: "Naishi Kibera, karibu na Olympic. Kwa miguu ni dakika arobaini hadi hapa, kwa hiyo hata matatu zikigoma nitafika." Anayekukataa baada ya jibu hilo amekukataa wewe, wala si saa yako ya kufika, na huyo hungedumu naye.

Mavazi yanapatikana soko la Toi. Nenda siku ya kazi asubuhi, kabla watu hawajajaa. Ukishika koti, tazama mabega kwanza: mabega yakikataa, fundi hawezi kuyasaidia. Mikono mirefu hupunguzwa, kiuno hubanwa, kitufe hupatikana. Geuza ndani uangalie bitana na kwapa, hapo ndipo koti husema umri wake. Kisha lipeleke kwa fundi wa cherehani aliye pale pale, ulivae mara mbili kanisani au msikitini kabla ya mahojiano, lisije likakushangaza mbele ya watu.

Mahojiano ya mtandaoni yana shida zake. Stima hupotea, jirani hufungulia muziki, mvua hugonga mabati hadi husikii jina lako. Tafuta chumba tulivu siku tatu mapema: maktaba, ofisi ya kanisa, madrasa, chumba cha klabu chuoni. Chaji simu usiku, nunua bando asubuhi, na uwe na nambari ya anayekuhoji ili mtandao ukikatika umpigie mara moja.

Mwaka wa nne: karatasi na deni

Kagua majina yako. Cheti cha kuzaliwa, cha KCSE na kitambulisho viwe na majina yale yale, kwa herufi zile zile. "Achieng" upande mmoja na "Achieng'" upande mwingine kunaweza kukuzuia mlangoni. Kurekebisha huchukua muda, kwa hiyo anza kabla hujahitaji. Wanubi wa Makina wanalijua hili kuliko sote. Vizazi vyao vimepitishwa kwenye kamati za uchunguzi ili kupata kitambulisho ambacho wengine walichukua kwa urahisi.

Nambari ya ushuru ya KRA utaipata kwenye iTax bila malipo. Cheti cha mwenendo mwema huombwa kupitia eCitizen, kisha unapeleka alama za vidole. Gharama yake inazidi kidogo shilingi 1,000. Lakini usikimbilie kulipia vyeti vyote kwa kila tangazo. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yanamkataza mwajiri kukudai vyeti vya idhini kabla hajakusudia kukupa mkataba. Weka pesa yako hadi uambiwe nafasi ni yako.

Helb ni mkopo, hata kama uliingia kwenye simu yako kama zawadi. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka, na unatarajiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Anayenyamaza hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, na wengi wamejikuta faini hiyo imezidi mkopo wenyewe. Kama hujapata kazi mwaka huo ukifika, waandikie uwaeleze hali yako, na utunze nakala.

Ukishahitimu, Tume ya Utumishi wa Umma ina programu ya uanagenzi ya miezi 12 kwa wenye digrii. Matangazo ya serikali hutoka kwenye gazeti la MyGov kila Jumanne. Ungana na wenzako wanne wa mtaa, mmoja alitazame kila wiki kwa zamu na kuwatumia wengine.

Na matapeli? Dalili yao ni moja: wanakudai pesa. Ada ya usajili, ya daktari, ya sare, ya "kusukuma faili," itumwe kwa nambari ya simu ya mtu binafsi kabla ya saa kumi jioni. Mwajiri wa kweli hukulipa wewe. Ukiahidiwa kazi ya Ghuba, kagua kwanza kama wakala yumo kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Usione haya kuuliza. Aliyeuza shamba la babu yake ili aende ndiye atakayekwambia uliza.

Mahojiano ya pili

Wiki tatu baada ya yule mzee kufunga faili, niliitwa kwingine, ofisi ndogo zaidi. Safari hii nilibeba daftari la mama. Mwanamke aliyekuwa akinihoji alilifungua katikati, akanusa vidole vyake, kwa sababu lilikuwa linanuka dania. Akaniuliza kwa nini baadhi ya majina yamekatwa kwa wino mwekundu kila mwisho wa mwezi. Nikamweleza: hao ni waliohama bila kulipa. Mama alinifundisha kuwakata tarehe thelathini, tusije tukanunua mboga kwa pesa ambayo haipo. Mwanamke yule akacheka. "Sisi hapa hungojea mwaka mzima ndipo tukubali," akasema.

Nilipata wiki kumi na mbili, bila malipo, na nilitembea kwa miguu wiki saba kati ya hizo. Jioni ile niliporudi nyumbani na habari njema, mama alinipongeza, kisha akanyoosha mkono.

"Nirudishie daftari langu. Kuna watu wa kulipa Ijumaa."

Ikanibidi ninunue langu. Nakushauri usingoje mwaka wa tatu kama mimi. Duka la hapo kwenu bado liko wazi saa hizi. Chukua daftari na kalamu, chora safu nne, na ujaze mistari mitatu ya kwanza kabla hujalala: kazi gani umefanya, kiasi gani, na nani alikuona.